Msukuma, dume la Pemba na mwembe uliokua hauna watu

Kwanza niseme tu mimi ni Msukuma wa Kwimba, na kwetu ng'ombe ni benki, ni mahari, ni heshima ya mtu, mimi kabla sijajua kusoma nilishajua kuchunga. Kwahiyo mtu akinambia naogopa ng'ombe hapo tunagombana. Hili naliweka mapema kabisa sababu kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa kapanda juu ya mwembe kifua wazi anajipiga makofi mwenyewe huku watu chini wanapiga vigelegele, na kila anayeituma anaandika maneno yake. Jamaa ni mimi. Sasa nawaelezea ilivyokua.

Tunafanya kazi duka moja Kariakoo na jamaa yangu Mpemba, mtu poa sana, kasoro yake moja tu ni Yanga. Mdogo wake anaoa huko kwao akasema twende wote ukaone kisiwa, nauli ya kurudi juu yake. Nikasema isiwe tabu. Ila pale dukani wenzangu wakaanza, wee Pemba? utarudi umegeuzwa paka wewe, usipokee chochote cha mtu usiyemjua, mwingine akaleta habari za Popobawa, lile zimwi lililofanya watu wa Pemba mwaka 1995 walale nje kwa makundi wamewasha moto. Kila mtu alikua na onyo lake. Hakuna hata mmoja aliyenitajia ng'ombe.

Boti ya Dar mpaka Unguja sina la kusema, masaa mawili na ushee, kiti kizuri, tivii inaonyesha mieleka. Shughuli ni ile meli ya usiku, inatoka bandari ya Malindi pale pale Unguja inakwenda Mkoani, bandari ya Pemba, unafika alfajiri. Tumekaa dek ya juu kwenye mikeka, pembeni yangu mama ana kuku ndani ya kikapu, mbele mzee wa kanzu anakunywa chai kwenye kikombe cha chupa yake bila kumwaga hata tone. Mzee akasema Alhamdulillahi, bahari leo shwari kabisa, msimu wa kaskazi huu. Mimi hapo nishatapika mara ya kwanza. Tukafika mkondo wa Nungwi, pale maji ya wazi yanapoingia, ile shwari ya mzee ikaanza kuninyanyua inanishusha, inanilaza ubavu, natapika vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Pale watu wazima walinyamaza kidogo midomo inacheza kwa dua, maana ni mkondo huo huo meli ilizama Septemba 2011 na wengi wa huko walipoteza watu wao. Na mimi nikaomba. Niliomba kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, na kile kiingereza cha shule ya msingi nikakitumia pia.

Mzee akanipa kipande cha tangawizi nitafune. "Kijana, kwenu hakuna maji?"

Nikamwambia shikamoo mzee, kwetu Mwanza tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika.

"Marahaba. Sasa ziwa nalo lina nini," akasema, akaendelea na chai yake.

Haya, tumefika Mkoani jua linachomoza, na hapa lazima niwe mkweli, Pemba ni pazuri mpaka unasahau ulichotapika. Mimi nilizoea picha za Unguja, mchanga mweupe na wazungu. Pemba ni vilima na mabonde, kilima bonde kilima bonde, migomba, minazi, mikarafuu, hakuna pahala jicho linakosa kijani, ndio maana Waarabu walikiita Al-Khadra, kisiwa cha kijani. Tukapanda daladala ya 603 kwenda mjini Chake Chake, na huko njiani kila baada ya nyumba chache watu wameanika karafuu kwenye majamvi pembeni ya barabara, harufu inaingia dirishani, kichefuchefu chote cha meli kikaisha chenyewe. Dereva anakwepa majamvi kwa adabu kubwa, watu hakwepi hivyo.

Na chakula jamani. Asubuhi mkate wa mofa na supu ya pweza, mchana wali wa nazi na samaki ambaye asubuhi hiyo hiyo alikua na mipango yake, harusini pilau mpaka nikafungua mkanda. Mama yake jamaa yangu kila nikisimamisha kijiko anauliza, "Mwanangu mbona huli, au chakula hakikukupendeza?" Mama nimeshiba. "Hujashiba wewe, mwili wote huo." Anaongeza. Nilikua mgeni wa watu nikatunzwa, nisije nikaonekana nina kinyongo na Wapemba, sina. Kinyongo changu kina miguu minne.

Jioni ndio raha yenyewe, wanaume wanakaa barazani, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo vile, na haluwa. Stori zinapigwa za bei ya karafuu, za siasa kwa sauti ya chini, za mpira kwa sauti ya juu. Sasa mimi za karafuu sizijui, za siasa za watu naziogopa, za mpira ile baraza nzima Yanga, nikabaki na nini? Nikabaki na ng'ombe. Nikawaeleza kwetu dume likigoma mimi ndio naitwa, nikawaeleza namna ya kumshika pembe na kumgeuza shingo, nikawaeleza ule mluzi wangu ambao baba mwenyewe anausifia, kundi likiusikia hata liwe mbali linageuka lote linarudi nyumbani. Niliongea vizuri sana usiku ule. Kahawa ya Pemba kali.

Kuna mzee mmoja pale mkimya, kofia ya kiua, anasikiliza tu. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo ng'ombe wewe humuogopi."

Nikasema mzee wangu, ng'ombe ndio aniogope mimi.

"Ewalla," akasema. "Basi keshokutwa kuna mchezo huko shamba. Utakwenda nasi."

Mimi mchezo nikajua labda bao.

Kumbe Pemba wana mchezo wa ng'ombe. Sijui kama watu wa bara mnalijua hili, mimi sikua nalijua, wanacheza na madume uwanjani wanayachokoza na nguo kabisa, wenyewe wanasema ni mambo waliyoachiwa na Wareno waliotawala pwani hii miaka ya 1500 na 1600. Tofauti ni kwamba huku ng'ombe hauawi, anachezwa akichoka anarudishwa kwake anakula majani anasubiri siku nyingine. Yani kwenye ule mchezo mwenye uhakika wa kumaliza siku salama ni ng'ombe.

Tukafika kijiji cha ndani ndani huko, uwanja upo katikati ya miti, watu wamejaa, wanawake wamevaa kanga zao sare wanaimba, kuna mtu wa zumari na ngoma, zumari lile linakuingia mwilini unataka kutembea kwa maringo hata kama huna sababu. Watoto wote wamepanda mitini kuangalia. Kila mti umejaa watoto mpaka matawi yanainama. Kasoro mwembe mmoja tu upande wa kulia, mkubwa, una kivuli, tawi lake zuri linaangalia uwanja, mtupu. Nikauona nikajisemea moyoni hawa watoto hawajui kuchagua siti.

Dume la kwanza likaletwa, lina kamba ndefu wameishika wanaume kadhaa. Nikaliangalia kitaalamu. Nundu nzuri, shingo nene, kimo sio kikubwa, kwetu kuna madume yanaweza kulifunika kabisa. Vijana wakaingia na vitambaa, wanacheza mbele yake kwa madaha, dume linashusha kichwa linaenda, kijana anapinda kiuno linapita, vigelegele. Nikaona hii mbona nyepesi. Na labda hili nililisema kwa sauti, sababu yule mzee wa kofia akageuka akaniangalia, akanyanyuka, akanyanyua mkono, zumari likanyamaza.

"Jamani! Tuna mtaalamu hapa katoka bara, kwao Usukuma, ng'ombe wanamuogopa!"

Wanawake vigelegele. Kuna mtu akanishikisha kanga. Jamaa yangu ananivuta shati, "Yakhe, usiingie, nakwambia usiingie, na hiyo jezi yako!" maana siku hiyo nilivaa jezi ya Simba, nyekundu mpya. Nikamtoa mkono. Sasa mbele ya watu wote wale, jina la kabila zima limeshatajwa, wewe ungefanyaje? Kabila letu ni kubwa, siwezi kuliabisha wote mara moja.

Nikaingia. Tena sikuingia kwa papara, niliingia mwendo wa mfugaji, taratibu, kanga begani. Zumari likaanza. Dume likaniangalia. Mimi nikaliangalia. Nikaona hapa mambo ya vitambaa ni ya kitoto, nikaweka vidole mdomoni nikapiga ule mluzi wa baba.

Nisiwafiche, mluzi ulifanya kazi. Kwetu ng'ombe akiusikia anageuka anarudi kwao, na huyu naye aligeuka vizuri kabisa, ila alikokua anarudi ni kwangu.

Baadae nilisoma kwamba ng'ombe rangi nyekundu haioni vizuri, anachofuata ni kile kinachotikisika. Sasa mimi pale kila kitu changu kilikua kinatikisika. Nikasubiri wale wa kamba wavute, kamba ikazidi kuja tu, ndio nikagundua kamba ile ni ndefu na mimi nimesimama ndani ya urefu wake. Watu wanasema nilikimbia. Sikukimbia. Nilihama. Nilihama kwa haraka nikaacha ndala moja na kanga ya mwenyewe, nikasikia pumzi ya moto kwenye mgongo, na mbele yangu kuna mti mmoja tu wenye nafasi.

Yani ule mwembe niliupanda sijui kwa mkono gani. Mtu mzima na kitambi cha pilau, nilijikuta tu niko juu kwenye lile tawi zuri, dume chini linavuta pumzi. Nikakaa vizuri. Nikawapungia watu mkono. Nilikua na sekunde chache za raha pale, kivuli kizuri, upepo wa bahari, nikawa nawaza kumbe watoto wamenitunzia siti.

Alafu kitu kikaning'ata shingoni.

Nikapiga kofi. Kikaning'ata kiunoni. Nikaangalia tawi, nikaona majani yameshonwa pamoja, mengi, kila pahala, na hapo roho ikashuka. Maji moto. Kama huwajui maji moto mshukuru Mungu wako, ni wale siafu wekundu wa mtini, wanaunganisha majani kwa nyuzi za watoto wao wenyewe wanajenga nyumba, ni wadudu wenye bidii na umoja ambao sisi binadamu hatuna, akiitwa mmoja wanakuja ukoo wote. Anang'ata alafu pale pale alipong'ata anapamwagia tindikali yake. Ule mwembe ulikua na wenyewe. Watoto wote wa kijiji walikua wanajua.

Chini dume, juu maji moto. Nikaanza kupiga kelele, "Vuteni kambaaa!"

"Twavuta! Twavuta!" wanajibu, na hawavuti, wamekaa chini wanacheka, mmoja ameishika kamba kwa mkono mmoja mwingine anafuta machozi. Dume nalo limekua na wazo lake, likaanza kujikuna ubavu kwenye shina, taratibu, mti mzima unatikisika, kila ukitikisika ukoo mwingine wa maji moto unatoka kuuliza kuna nini.

Wakaingia ndani ya jezi. Mpenzi wa Simba mwenzangu atanielewa, kuvua jezi mbele za watu sio jambo dogo, lakini kuna hali inafika ushabiki unakaa pembeni. Nikaivua nikaitupa. Ikaanguka kwenye pembe. Dume likatikisa kichwa jezi haitoki, ikateremka ikalifunika kipaji cha uso, likaanza kuzunguka uwanja limevaa jezi ya Simba, uwanja ukapasuka kwa kelele. Jamaa yangu kasimama juu ya kibao anapiga kelele, "Simba wamesajili dirisha dogo! Simba wamepata beki!" Na kuna mwingine nyuma akajibu, "Huyo Yanga huyo, kaitoa jezi mwilini mwa mtu!" Wakaanza kubishana ng'ombe ni timu gani, watu wazima, na mimi niko juu ya mti naliwa.

Sasa dume si limeondoka, nikasema nishuke kistaarabu. Lakini kuna maji moto mmoja aliyekua ameingia suruali tangu mwanzo, alikua kimya muda wote anatafuta mahali, na akapapata. Kushuka kistaarabu kukaishia hapo. Nilidondoka kama gunia la mpunga, na kabla sijanyanyuka kina mama wameshanizunguka, nyuma ya kina mama kuna simu zinarekodi.

"Maskiiini, mgeni wa watu!"

"Asiingie tena mwili wazi hivyo, mpeni kitu ajifunike."

Nikafunikwa kanga. Bibi mmoja mzee sana akaja na kichupa, akasema tulia mjukuu wangu hii dawa, mafuta ya karafuu haya, itakufa ganzi sasa hivi. Kweli inatia ganzi, hata meno watu wanatulizia. Ila asikudanganye mtu, kabla ya ganzi kuna kipindi. Kwenye ngozi iliyong'atwa na maji moto mafuta ya karafuu yanawaka moto wake tofauti kabisa na ule wa mwanzo, nikawa na mioto miwili inashindana mgongoni. Bibi anapaka anauliza, "Na wapi tena?" Nikamwambia bibi basi, zilizobaki nitajipaka mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa. Na alipoondoka nikajipaka mwenyewe kweli nyuma ya nyumba ya watu, na sitaki kuongelea hilo, niseme tu kwamba pale wito wa sala ulipopigwa nilikua tayari nishamuita Mungu sana.

Kurudi nikatembea kijiji kizima na kanga mabegani, ndala moja. Kila anayekutana nami anasoma mgongo wangu alafu anafunika mdomo. Mpaka nafika kwenye gari ndio nikaivua nisome jina lake, kanga imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Na mwenyeji alipona kweli, sijawahi kuona wenyeji wamepona vile.

Tukadhani limeisha. Asubuhi nimekaa nakunywa chai nasikia watoto wa jirani wanaruka kamba wanaimba, nikasikiliza vizuri, ni wale kina mama wa uwanjani walishatunga usiku huo huo, na wimbo umeshafika huku kabla yetu:

Mgeni kaja na ngebe,
kaiona ile pembe,
kapanda juu ya mwembe,
maji moto yamngoja.

Na ukiutoa uchungu wimbo ni mzuri. Mizani imekaa. Mimi mwenyewe nilijikuta naupiga mluzi njiani Chake sokoni, muuza pweza akanyanyua kichwa akaniangalia uso uliovimba, akaangalia shingo, akasema, "Ala! Ndiwe wewe?" Nikapewa pweza bure, kipande kikubwa, na pilipili. Muuza machungwa akanimenyea chungwa hakutaka hela. Kondakta wa daladala akakataa nauli akasema mtaalamu hapana, wewe kaa mbele. Kwahiyo kuna faida zake. Nimekwenda harusini mgeni wa mtu mmoja, nimeondoka Pemba nasalimiwa na kisiwa kizima, mapolisi pamoja.

Yule mzee wa kofia alikuja kuniaga mwenyewe, kaniletea karafuu kifuko na jezi yangu imefuliwa, imepigwa pasi, imetobolewa pahala pa pembe. Akanambia, "Mwanangu, mwakani uje. Dume limekuzoea."

Nikamuuliza mzee, ule mwembe ulikua unajua una maji moto?

"Huo? Wote twajua."

Sasa kwanini hukunambia?

"Hukuuliza habari za miti," akasema. "Uliongea ng'ombe tu."

Nimefika Dar video ishafika dukani. Nimenyamaza. Ikaenda Mwanza, ikaenda kwa mashemeji, ikaenda mpaka kwa mwalimu wangu wa darasa la tatu ambaye alinitumia kikaragosi cha kucheka baada ya miaka yote hiyo bila salamu. Yote nilivumilia. Nilichokua naogopa ni simu ya baba. Mzee wangu hana simu ya kupangusa, ila mjukuu anayo, na nilijua tu ikimfikia hapo ndio jina langu limekwisha, mzee ambaye alinifundisha ule mluzi, aone nimekaa juu ya mti kifua wazi.

Ikaita usiku. Nikapokea. Shikamoo baba.

"Marahaba. Video nimeiona."

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza, nasikia redio yake nyuma. Nikaanza, baba yani ile kamba ilikua ndefu, alafu wale watu walikua hawavuti...

"Wewe achana na kamba," akasema. "Yule dume. Nundu ile nimeiangalia mara nyingi hapa. Wanauza?"